Msiniambie tu nipunguze ugali

Mvua ya ile siku iliwazuia wengi kufika ukumbini, na wameniomba niandike nilichosema kwa mkutano wa kikundi chetu cha wagonjwa wa sukari hapa Nyalenda, Kisumu. Nimeandika venye nakumbuka, pengine nimeongeza mahali nilikuwa nimeharakisha.

Misawa, mulembe, habari zenu nyote. Wazee wangu mlioketi mbele, mama zangu, dada yetu afisa wa lishe, na nyinyi watu wa afya ya jamii mnaotembea na ile mikoba mgongoni, nawasalimu. Mimi si daktari. Kazi yangu ni kusaga unga, na wengi wenu nilijua magunia yenu kabla sijajua majina yenu. Sukari yangu ilionekana miaka sita iliyopita.

Nianze na ile siku ya mwezi uliopita, mnaikumbuka. Dada hapa alikuwa anatufundisha mambo ya sahani, nusu mboga, robo wanga, robo protini, mzee mmoja akasimama kule nyuma akasema, nyinyi watu juzi mlituambia mayai ni mabaya leo mayai ni mazuri, mlituambia tuache samli tupake majarini leo naskia majarini ndiyo ilikuwa mbaya, sasa ugali nao mnasema ni sukari, kesho mtasema nini? Ukumbi mzima ukapiga makofi. Hata mimi nilipiga. Dada akanyamaza akakusanya karatasi zake polepole, na ile sura yake nikaenda nayo mpaka nyumbani, manake tulikuwa tumembebesha msichana mmoja makosa ya watu ambao hata Nyalenda hawaijui. Lakini mzee naye hakusema uongo. Hapo ndipo palininyima usingizi, na ndio maana nikamuomba mwenyekiti dakika chache leo.

Kwanza wacha niwaambie kwa nini mzee hajakosea.

Mengi ya haya mafunzo ya lishe tuliyopewa hayakuanzia hapa. Marekani, mwaka 1977, kamati ya seneti yao iliyoongozwa na seneta George McGovern ilitoa malengo ya chakula, wakaambia watu wapunguze mafuta, hasa ya wanyama, na waongeze vyakula vya wanga. Mwaka 1992 wakachora ile piramidi ya chakula, pale chini kabisa penye upana ikawa mkate, wali, nafaka na pasta, mtu ale vipimo 6 hadi 11 kwa siku. Hiyo piramidi ilitembea dunia nzima, mimi mwenyewe niliiona ukutani kliniki nilipokuwa naenda na mtoto wangu wa kwanza. Haki isemwe, hata hiyo karatasi ya 1977 iliwaambia watu wapunguze sukari, na hiyo piramidi iliweka vitu vitamu juu kabisa penye ncha, ati vitumike kidogo sana. Lakini kilichoingia masikioni mwa watu ni kwamba mafuta ni adui, na kampuni za chakula zikatoa mafuta zikajaza sukari na unga mweupe zikaandika kwa pakiti ni chakula cha afya. Mwaka 2011 piramidi ikaondolewa ikaja sahani. Mayai nayo, miaka na miaka walisema kolesteroli ya chakula isizidi miligramu 300 kwa siku, na yai moja tu lina karibu 190, alafu mwongozo wa 2015 ukatoka bila hiyo namba. Majarini na yale mafuta ya kuganda ya mkebe, yalikuja kujulikana yale yaliyogandishwa kiwandani yana aina ya mafuta inayoharibu moyo kuliko hata hiyo samli tuliyoambiwa tuache, mpaka mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likasema yaondolewe kwa chakula cha dunia nzima ifikapo 2023.

Na kuna moja iliniuma zaidi. Mwaka 1967 jarida kubwa la madaktari Marekani lilichapisha makala ya wataalamu wa Harvard iliyoelekeza lawama ya ugonjwa wa moyo kwa mafuta na kuipunguzia sukari lawama. Mwaka 2016 ndio watafiti wakafukua barua za zamani wakakuta chama cha wafanyabiashara wa sukari ndicho kilikuwa kimewalipa hao wataalamu. Karibu miaka 50 mtu anasoma kitu bila kujua nani alilipia wino. Kule Uingereza kulikuwa na profesa, John Yudkin, alikuwa anapiga kelele kuhusu sukari miaka hiyo hiyo na hakusikizwa sana. Sasa ukiskia hivyo, na wewe ni mtu umezika ndugu zako wawili waliokatwa miguu, utaamini nani?

Wacha nirudi nyumbani, tusiseme ni Marekani peke yake. Mwaka 2004 kule Ukambani mahindi yenye sumu ya aflatoksini yaliua watu 125. Juni 2018 sukari ya magendo ikashikwa, wakubwa wa serikali wakatuambia ina zebaki, na kabla maneno hayo hayajakauka wakubwa wengine wa serikali hiyo hiyo wakasema haina, na sisi huku ndio tunakaa katikati ya mashamba ya miwa, Muhoroni pale, Chemelil pale, mama anashika pakiti dukani hajui aogope ama asiogope. Novemba 2019 aina 5 za unga wa mahindi zikapigwa marufuku kwa hiyo hiyo aflatoksini, unga watu walikuwa wamekula jana yake. Nakumbuka hiyo wiki, foleni kwa mashine yangu ilifika barabarani, kila mtu na gorogoro zake, ile mikebe yetu ya kupimia nafaka, watu wanasema afadhali nijisagie mwenyewe. Na sikuwa na uwezo wa kuwaambia ukweli wote, kwamba mahindi yakikaushwa vibaya sumu hiyo iko hata kwa ya kwako, jicho haliioni, na mashine yangu haiwezi kuitoa.

Kwa hivyo mtu asituambie sisi ni wabishi. Kutoamini kwetu tumefundishwa.

Sasa upande wa pili, na hapa nitaongea kwa uchungu, mnisamehe.

Jirani yangu, sitamtaja, mko hapa mnaomjua, alikuwa anatumia dawa za sukari, metformini pamoja na glibenklamidi. Akaingizwa kwa grupu ya simu ya mtu mmoja anayefundisha keto, ile lishe ya kuacha karibu wanga wote, na kuuza unga wake wa kopo. Huyo mwalimu akamwambia madaktari wanamdanganya, wanga wote ni sumu, aache kabisa, ugali, wali, ndizi, rabuon yaani viazi vitamu, hata nyoyo ya mahindi na maharagwe. Akaacha Jumatatu. Dawa hakuacha, manake hakuna mtu alimwambia kitu kuhusu dawa. Sasa glibenklamidi, wale mnaitumia mskize vizuri, inasukuma kongosho litoe insulini, umekula ama hujakula, yenyewe inasukuma tu. Alhamisi usiku binti yake alikuja kunigongea mlango, tukamkuta mama sakafuni jikoni, jasho limelowesha leso yote, anaongea maneno hayaeleweki, mkono umeshika mguu wa meza haachilii. Sukari yake ilikuwa 2.1, chini sana. Tulimpaka asali kwenye ufizi na kidole changu hiki, mtoto analia, bodaboda inanguruma nje. Alipona. Yule mwalimu wa simu alipoambiwa alisema mwili ulikuwa unatoa sumu.

Mnaona sasa. Ule mlango ambao wataalamu waliuacha wazi kwa kubadilisha maneno bila kutueleza, huyu ndiye aliingia nao. Anaanza na ukweli, ile piramidi, yale mayai, ile pesa ya sukari, kila kitu nimewaambia saa hii yeye pia anakisema, na ukishakubali ukweli wake wa kwanza anakuuzia na ule uongo wa mwisho kwa bei ya karo ya mtoto.

Na mkitaka kujua sayansi yenyewe inasema nini kuhusu huu ugomvi wa wanga, si vile yeye anasema na si vile tulikuwa tunaambiwa kliniki. Mwaka 2018 chuo cha Stanford walichukua watu wazima 609, wengine wakapunguza mafuta, wengine wakapunguza wanga, mwaka mzima. Wote walipungua kilo tano sita hivi na tofauti kati yao haikufika kilo moja. Lakini skizeni hii, makundi yote mawili yaliambiwa yaache sukari na unga uliokobolewa, na badala yake yale mboga kwa wingi. Mwaka 2017 utafiti wa Uingereza ulipeleka watu wenye sukari, wale wa miaka isiyozidi sita na hawajaanza insulini, kwa chakula kidogo sana cha vinywaji, kama kalori 850 kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano, chini ya uangalizi na dawa zao zimesimamishwa, na baada ya mwaka karibu nusu yao sukari ilikuwa imerudi chini bila dawa. Na hivyo vinywaji walivyopewa zaidi ya nusu ya nguvu yake ilikuwa wanga! Kilichowashushia sukari ni uzito kuteremka. Alafu mwaka 2019 chama cha kisukari cha Marekani nacho kikaandika wazi kwamba kupunguza wanga kwa jumla ndiyo njia yenye ushahidi mwingi zaidi wa kushusha sukari ya damu. Kwa hivyo mwenye anakataza kabisa kuongea juu ya wanga amekosea, na mwenye anasema wanga ni sumu amekosea. Afrika Kusini walimshtaki profesa Tim Noakes, anayetetea kula wanga kidogo, mbele ya baraza la madaktari kwa sababu ya tweet ya 2014 kuhusu chakula cha mtoto anayeachishwa ziwa, kesi ikaenda mpaka 2017 akaondolewa hatia. Mimi sikubaliani na kila kitu anasema, lakini kumshtaki mtu mbele ya baraza badala ya kumjibu mbele ya wananchi, enyewe hiyo haikusaidia mgonjwa hata mmoja.

Sasa njooni kwa mashine yangu.

Nikisaga mahindi mazima, unga unatoka moto, ukiushika unanata kidogo kwa vidole, una harufu tamu na rangi kama ya maziwa yaliyokaa. Hayo ni mafuta ya kiini. Huo unga ukikaa mwezi unaanza uchungu. Nikikoboa kwanza, ganda na kiini vinatoka upande ule kwa gunia la pumba, mwenye kuku ananunua, na unga unaobaki ni mweupe pe, baridi, unateleza kama poda, unakaa miezi. Kuku anakula nyuzinyuzi na mafuta mazuri, mtu anabaki na wanga mtupu. Na sisi wenyewe ndio tunauliza, "Mama, mbona wangu si mweupe?"

Siku hizi pia wanakuja na ile wanaita unga wa sukari. Wimbi, mtama, muhogo, wengine wanatia soya, wengine njugu, kila mtu na fomyula aliyopewa. Wimbi ni chakula kizuri, lina kalsiamu kuliko nafaka zote ninazosaga na lina nyuzinyuzi. Lakini wimbi pia ni wanga, gramu 100 za unga wake zina wanga gramu 70 na kitu, na mahindi hivyo hivyo karibu. Muhogo ndio usiseme, huo ni wanga karibu wote. Mtu anapika kuon, yaani ugali, wa rangi ya udongo, anakula mlima mara mbili ya ule wa zamani kwa sababu ameambiwa ni dawa, alafu kliniki anashangaa. Rangi si dawa. Nimewapoteza wateja kwa kusema hivyo na nitaendelea kusema.

Kuna wale wanasema tulikula ugali tangu zamani na hatukuwa na sukari. Tangu zamani gani? Dani yangu, yaani nyanya, alikula kuon ya bel na ya kal, mtama na wimbi, mahindi yalikuwa ya kuchoma na ya nyoyo. Mahindi meupe ya haibridi, ile 611 iliyotoka Kitale, imetoka mwaka 1964, kuna wazee hapa wamezaliwa kabla yake. Na dani alilima mpaka saa sita, akateka maji kutoka mto ule, akapanda kilima na kuni. Kuon yake ililiwa na mboga za apoth na osuga, na omena, na siku nyingi haikutosha. Mimi nakaa kwa stuli kando ya mota.

Siku yangu ya kwanza kliniki, kliniki gani si muhimu, nilipewa karatasi ya fotokopi. Ilikuwa na picha ya sahani, ndani yake brokoli, samaki wa pinki ambaye ziwani kwetu hayuko, na slesi mbili za mkate wa kahawia. Nikauliza, na ugali? Kijana akasema punguza. Nikauliza, mpaka wapi? Akasema kama ngumi yako, akaita mtu wa nyuma yangu. Dakika nne hivi. Simlaumu, foleni ilifika nje, alikuwa peke yake. Lakini nilitoka pale sijui chochote, na mtu asiyejua chochote akifika nyumbani anafungua simu.

Ningepewa nini? Ningeambiwa hivi, mama, unapika unga kiasi gani? Gorogoro nusu, watu watano. Hiyo ni kilo moja hivi, kila mtu anakula gramu 200 za unga, ndani yake kama gramu 150 za wanga, na wanga ukifika tumboni unavunjwa unakuwa glukosi. Ni kama umekula slesi kumi za mkate na zaidi, kwa kikao kimoja, usiku, alafu ukalala. Hiyo ningeielewa siku hiyo hiyo! Unga naujua kwa uzito, nimeushika maisha yangu yote.

Nilikuja kujifundisha na glukometa, kile kifaa cha kupimia sukari ya damu. Siku moja nilikula ugali wa unga uliokobolewa, kiasi changu cha kawaida, na sukuma kidogo. Kabla ya kula nilikuwa 7.2, baada ya saa mbili 14.1. Wiki iliyofuata, saa ile ile, nikala nusu ya ule ugali, wa mahindi mazima, osuga bakuli zima, omena ya kukaanga, na nikaanza na mboga kabla ya kugusa ugali. Nilianza 7.4, saa mbili baadaye 9.6. Hiyo ni damu yangu, yako inaweza kusema kingine, lakini kile kikaratasi kidogo kilinifundisha kuliko miaka minne ya kuambiwa punguza. Chai nayo, nilikuwa naweka vijiko vitatu, vikombe vinne kwa siku, hiyo ni 12, na Shirika la Afya Duniani tangu 2015 linasema kwa mtu mzima mwenye afya ni bora sukari ya kuongeza isizidi gramu 25, vijiko sita hivi. Hapo hata watu wa keto na watu wa piramidi hawagombani.

Shida ni kwamba hivyo vikaratasi vya kupimia ni ghali na mara nyingi vimeisha. Watu wa afya ya jamii mlipewa mikoba na glukometa mwaka 2023, tulishangilia, lakini ukiwaita wanasema strip hakuna. Uchunguzi wa nchi wa 2015 ulikuta watu wazima karibu 88 kwa kila 100 hawajawahi kupimwa sukari hata mara moja. Mtu hajui namba yake, utamshawishi aje na picha ya sahani?

Kwa hivyo dada yangu, afisa wetu, nakuomba msamaha mbele ya watu kwa yale makofi. Na ninakuomba mambo matatu, nayasema kwa heshima. Kama maneno yamebadilika, tuambie yamebadilika, sema tulisema hivi, ikaonekana hivi, ndio sasa tunasema hivi, hatutakucheka, mkulima pia hubadilisha mbegu. Kama kuna kitu wataalamu bado wanabishana, usitufiche ukidhani tutachanganyikiwa, tumeshachanganyikiwa. Na utupimie kwa gorogoro na sufuria. Ule mwongozo wa kitaifa wa lishe bora na mazoezi ulitoka mwaka 2017, hebu inueni mikono mmewahi kuuona. Mkono mmoja, na ni wake mwenyewe.

Na nyinyi wenzangu, kabla hujaacha chakula chochote ama kuanza cha mtu wa simu, na uko kwa insulini ama glibenklamidi, pitia kwanza kwa anayekuandikia dawa, hata kama umemkasirikia. Mzee wangu wa kule nyuma, wewe nakuomba uendelee kuuliza, ila uliza na yule wa kopo pia, muulize nani amempima, na watu wangapi, na waliozidiwa wako wapi.

Nimeongea na dada na amekubali. Alhamisi ijayo atakuja pale kwa mashine, ataleta strip alizopata na mimi nimenunua pakiti moja ya 50. Kila mtu aje na unga wake wa nyumbani, ule ule anaopika, na mwiko na sahani anayolia. Tutaweka kwa mizani, kila mtu aone gramu zake, alafu tutapika hapo hapo tule tupimane kabla na baada. Mwenye dawa aje nazo kwa pakiti yake. Mashine nitaizima saa nane ndio tusikizane.